Maji ya bomba na akwariamu: mwongozo kamili kwa anayefuga samaki Kampala na miji mingine ya Uganda

Meseji ninayopata kila wiki ni ile ile, inabadilika jina la mtaa tu. "Boss, maji niliyalaza usiku mzima kama watu wanavyosema, asubuhi nikaweka samaki, saa nane mchana wote wako juu wanapiga midomo, jioni nimezika. Haya maji ya bomba yana sumu gani?" Nikiuliza uliyalaza kwenye nini, jibu ni jerikani. Ilikuwa na kifuniko? Ndio, si vumbi lingeingia.

Basi hapo ndipo samaki wako walipofia, kwenye kile kifuniko.

Maji yenyewe hayana ubaya. Ya Kampala yanavutwa Ziwa Victoria, yanasafishwa Ggaba na Katosi, yanatiwa klorini ili yakifika kwako yasikupe kipindupindu wala homa ya tumbo. Shida ni kwamba klorini inayoua vijidudu haijui kutofautisha kijidudu na shavu la samaki, pale anapopumulia, inaunguza vyote. Ukiitoa vizuri unabaki na maji mazuri sana ya kufugia. Mimi sijawahi kununua maji ya chupa kwa ajili ya samaki na wewe usinunue.

Nimeandika hatua kwa mpangilio, kila hatua na sababu yake, kwa sababu nimeona mtu akiambiwa "fanya hivi" bila sababu anaruka hatua.

## Tafuta hivi kwanza, kabla ya samaki

- Ndoo au beseni 2 pana, mpya, ambazo hazijawahi kuona sabuni. Andika SAMAKI kwa maka au hata rangi ya kucha, la sivyo mtu atafulia soksi humo ukiwa kazini.
- Sodiamu thaiosalfeti, gramu 50. Inauzwa maduka ya kemikali na wauzaji wa vifaa vya maabara, ni chengachenga zisizo na rangi kama sukari yenye punje kubwa. Mwambie akupimie gramu 50 kabisa kama nyumbani huna mizani.
- Chupa ya nusu lita yenye kifuniko, na sirinji ya mililita 5 bila sindano.
- Kipimo cha klorini cha matone, kile wanachotumia watu wa swimming pool.
- Kipimo cha pH (kinaonyesha maji yana asidi kiasi gani) na KH (akiba inayozuia pH isianguke, nitaeleza hatua ya 4). Cha amonia na naitraiti, sumu mbili zinazotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichooza, nacho ukikipata, maana hicho kinaadimika, wengine tunaagiza Nairobi.
- Pampu ya hewa, mpira wake na filta ya siponji.
- Thamometa, na mpira wa kunyonyea maji wa mita 2 hivi.
- Makombe ya ziwani, yale wanayochanganya kwenye chakula cha kuku, nusu kilo inatosha. Nitaeleza mbele.

Hita kwa Kampala, Entebbe au Jinja wengi hawahitaji kama wanafuga goldfish au gapi, nyumba nyingi maji yanakaa kwenye nyuzi 22 hadi 26. Ukiwa Kabale hiyo ni habari nyingine, kule nunua hita.

## Hatua ya 1: Jua maji yako yanatoka wapi

Usikopi vipimo vya mtu wa mji mwingine. Kampala, Entebbe na Jinja wanakunywa ziwa. Mbarara wanakunywa mto Rwizi, Arua mto Enyau, na mto ukijaa tope kipindi cha mvua mitambo inafanya kazi ngumu zaidi na maji yanaweza kufika kwako tofauti na ya kiangazi. Kwa hiyo pima mara mbili kwa mwaka angalau, kiangazi na masika.

Chukua glasi safi ya kuonea, fungua bomba dakika 2 maji ya kwanza yaende, kisha jaza na uiweke mezani uiangalie. Yakiwa meupe kama maziwa yaliyochanganywa maji halafu yakaanza kuwa maangavu kuanzia chini kwenda juu, hivyo ni viputo vya hewa tu, presha ya bomba, hayana shida. Yakiwa kahawia na uchafu ukatulia chini ya glasi, hilo ni tope au kutu ya mabomba, hayo usiyapeleke kwa samaki, deki nayo nyumba.

Halafu pima vitu vitatu: klorini, pH, KH. Andika ukutani juu ya tangi. Klorini kwenye bomba la nyumbani huwa ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita au zaidi kidogo, na 0.2 ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kifike kwa mtumiaji. Kwako hiyo ni salama kabisa. Kwa samaki, 0.2 inatosha kumuunguza mashavu, na samaki wadogo wanaanza kuumia hata chini ya hapo sana.

Kama unatumia maji ya tenki la juu ya nyumba, pima ya tenki, usipime ya bomba la geti, maana yakikaa kule juu siku kadhaa klorini inapungua na joto linapanda. Saa nane mchana maji ya tenki jeusi yanaweza kukuunguza mkono, sembuse samaki.

Ukifaulu hatua hii: una namba tatu zimeandikwa, na unajua maji yako ya bomba ya kawaida yanafananaje kwenye glasi.

## Hatua ya 2: Chombo

Jerikani ya njano tunaipenda wote, lakini kabla ya kuwa ya maji nyingi zilikuwa za mafuta ya kupikia. Hata ukiisugua kwa mchanga na sabuni, mafuta yamejificha kwenye kona za mkono. Jaza maji, mimina kwenye beseni jeupe, inama uangalie kwa pembeni kukiwa na mwanga wa dirisha, utaona utando una rangirangi kama upinde wa mvua. Ule utando unakaa juu ya tangi na kuzuia hewa isiingie majini. Na ile sabuni uliyosugulia ni mbaya kuliko mafuta.

Jerikani iwe ya kubebea tu, tena ile iliyonunuliwa mpya. Kulazia maji ni beseni au ndoo pana.

## Hatua ya 3: Kutoa klorini

Hapa ndipo watu wengi wanapofelia, kwa hiyo soma pole pole.

Kuna njia mbili zinazofanya kazi na kadhaa ambazo watu wanadhani zinafanya kazi.

Njia ya kulaza. Klorini ni gesi iliyoyeyuka ndani ya maji, inataka kutoka iende hewani. Inatokea juu, pale maji yanapogusana na hewa. Beseni pana lina uso mkubwa, inatoka. Jerikani ina mdomo wa ukubwa wa kikombe cha kahawa, haitoki vizuri, na ukifunga kifuniko haitoki kabisa, imekaa inakusubiri. Nilijaribu mwenyewe: maji ya bomba moja, siku moja, nusu kwenye beseni wazi nusu kwenye jerikani iliyofungwa, kesho yake saa ile ile nikaweka matone ya kipimo. Ya beseni yakabaki kama maji. Ya jerikani yakageuka njano pale pale kama nimepima ya bombani.

Kwa hiyo: beseni pana, wazi, masaa 24. Ukitupia jiwe la hewa la pampu inatoka haraka zaidi, na ukiliweka pale jua linapopiga inakwenda haraka pia kwa sababu jua linavunja klorini. Vumbi? Tandika kitambaa chepesi chenye matundu, hewa inapita.

Halafu pima. Usitegemee pua. Pua inazoea, mimi ya kwangu iliacha kunusa klorini zamani. Na maji uliyopimia yamwage kwenye sinki, hayo matone ni kemikali, yasirudi kwenye beseni.

Njia ya thaiosalfeti. Hii ndiyo ninayotumia siku zote, hasa kwa vile maji kwetu mgao ukipita yanakuja saa saba usiku na nani ana masaa 24 ya kusubiri. Chukua zile gramu 50, weka kwenye chupa ya nusu lita, jaza maji mpaka juu, tikisa mpaka ziyeyuke zote. Sasa kila mililita 1 ina miligramu 100.

Dozi ni mililita 1 kwa kila lita 10, yaani mililita 2 kwa ndoo ya lita 20. Koroga, subiri dakika 5, pima klorini. Dozi hiyo inatosha kuua klorini ya miligramu 1 kwa lita na chenji inabaki, kwa hiyo kwa siku za kawaida una usalama. Siku ambayo wametengeneza mabomba mtaani na maji yanarudi yananuka kama swimming pool, weka mara mbili, mililita 4 kwa ndoo. Kuzidisha mara mbili hakumdhuru samaki. Kupunguza ndiko kunakoua.

Hifadhi chupa kabatini gizani na uiandike jina kubwa, mbali na watoto. Baada ya miezi 3 tengeneza mpya maana inaisha nguvu.

Sasa yale yasiyofaa, au yanayofaa nusu nusu.

Kuchemsha kunatoa klorini kweli, lakini kunatoa hewa ya oksijeni pia, na makaa siku hizi bei yake unaijua. Ukichemsha, acha yapoe kabisa kisha upulizie hewa saa moja. Kwa chupa ya samaki mmoja wa beta sawa, kwa tangi la lita 60 ni kujitesa.

Vidonge vya vitamini C watu wanavitaja sana. Vitamini C tupu inaua klorini ni kweli, ila vile vidonge vya machungwa vya dukani vina rangi na sukari, na sukari kwenye akwariamu ni sherehe ya bakteria. Kama huna unga mweupe mtupu acha.

Na hili la mwisho ndilo linaloniuma. Usiende duka la dawa ukasema "nataka dawa ya maji". Hapa Uganda dawa ya maji ni klorini! Ni ile ya kutibu maji ya kunywa. Mwaka wangu wa kwanza nilimtuma mpwa wangu akalete dawa ya maji ya samaki, muuzaji akasikia dawa ya maji, akampa kachupa kadogo, mimi nikiwa na haraka sikusoma nikatia kifuniko kimoja kizima kwenye tangi. Goldfish 6, wawili nilikuwa nao tangu wakiwa na urefu wa kidole gumba, walianza kukimbia huku na huku wakijigonga kwenye kioo na ndani ya dakika chache wakawa wamelala ubavu. Soma lebo. Ukiona neno haipokloraiti, hiyo ndiyo klorini yenyewe, unaongeza moto kwenye moto.

Ukifaulu hatua hii: kipimo cha klorini hakibadilishi rangi hata kidogo. Siyo "njano kidogo tu". Hakuna.

## Hatua ya 4: KH, kitu ambacho hakuna aliyekuambia

Watu wanaovuka hatua ya 3 vizuri wananirudia baada ya miezi miwili mitatu. "Samaki walikuwa fresh, jumapili nikasafisha tangi vizuri kabisa, nikabadilisha maji karibu yote, klorini nilitoa, jumatatu wamekufa wote." Na wanaapa kwamba kampuni ya maji imebadilisha kitu. Haijabadilisha kitu, ni kemia ya tangi lako.

Maji ya Ziwa Victoria ni laini, ndiyo maana sabuni inatoa povu vizuri Kampala na birika halijengi ukoko mnene wa chokaa. Shabu inayotumika mitamboni kugandisha tope nayo inakula sehemu ya ile chokaa kidogo iliyokuwepo. Usishangae ukipima KH ukakuta 2 au 3. KH ndiyo akiba inayozuia pH isianguke. Na ndani ya tangi bakteria wanaosafisha kinyesi cha samaki wanazalisha asidi kila siku, asidi inakula ile akiba, siku akiba ikiisha pH inaporomoka, kutoka 7.4 unakuta 5.8.

Sasa angalia mtego wenyewe. pH ikiwa chini hivyo bakteria wanalala, amonia inaanza kujazana, lakini kwenye asidi amonia inakaa katika umbo ambalo halimdhuru samaki sana. Kwa hiyo samaki wanaonekana wazima, wamepooza kidogo tu. Jumapili unakuja na ndoo zako za maji mapya yenye pH 7.5, unajaza, pH inapanda ghafla, na ile amonia yote iliyokuwa imelala inageuka sumu ndani ya dakika. Wewe umewasafishia nyumba, wao umewamwagia sumu iliyokuwa tayari ndani.

Dawa yake iko kwenye duka la chakula cha kuku. Omba makombe, mwenye duka mwenyewe mara nyingi anayaita shells, yale ya konokono na kome wa ziwani. Chagua vipande vizima au vikubwa, usichukue yaliyosagwa yakachanganywa na mukene, yaani dagaa. Osha mpaka maji yawe safi, chemsha dakika 10, weka konzi mbili kwenye soksi ya nailoni kwa tangi la lita 50 au 60, funga, iweke karibu na filta maji yapite. Yanayeyuka pole pole, na kadiri maji yanavyokuwa na asidi ndivyo yanavyoyeyuka zaidi, kwa hiyo yanajirekebisha yenyewe. Ukiona vipande vimekuwa vyepesi na vinavunjika kwa vidole, badilisha.

Ukitaka haraka tumia baking soda, ile tupu, siyo baking powder. Nusu kijiko cha chai kwa lita 50 inapandisha KH kama nyuzi 1 na nusu. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe. Usitumie magadi na usitumie chumvi ya Katwe, na hapa namaanisha Katwe ya ziwa la chumvi kule Kasese, siyo Katwe yetu ya mafundi vyuma. Ile chumvi ina mchanganyiko wa vitu vingi, ng'ombe anaufurahia, samaki hapana.

Na kama tayari umekuta pH imeshuka chini ya 6, usikimbilie kubadilisha maji mengi. Asilimia 10 kwa siku, siku 5 au 6, punguza chakula, ndipo uweke makombe.

Ukifaulu: KH 4 au zaidi, pH haitofautiani zaidi ya 0.2 au 0.3 kati ya jumamosi na jumamosi.

Hapa pia ndipo unapochagua samaki. Goldfish, gapi, plati wako sawa ukishaweka makombe. Nkejje, wale samaki wadogo wetu wa Nalubaale (Ziwa Victoria), ndio wako nyumbani kabisa, na ni wazuri kuliko watu wanavyodhani, dume akiwa na rangi zake utasahau samaki wa kuagizwa. Wale wa Ziwa Malawi na Tanganyika wanataka maji magumu zaidi, utahitaji makombe mengi.

## Hatua ya 5: Kulea tangi kabla ya samaki

Tangi jipya halina bakteria wa kula amonia. Samaki akikojoa leo, kesho anaoga humo humo. Maji yanaweza kuwa hayana klorini hata chembe na bado samaki wakafa siku ya 4 au ya 10, na lawama ikaenda kwa bomba.

Washa filta ya siponji na makombe yakiwa ndani, maji yametolewa klorini, bila samaki. Kila siku tupia chakula cha samaki kidogo, kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Kitaoza, kitatoa amonia, bakteria watakuja wenyewe. Utaona amonia inapanda, kisha inashuka naitraiti ikipanda, kisha naitraiti nayo inashuka. Wiki 4 hadi 6. Najua ni ndefu.

Ukiwa na rafiki mwenye tangi lenye afya, muombe siponji yake iliyochakaa, ile chafu ndiyo mali, ibebe ikiwa imelowa ndani ya maji ya tangi lake usiiache ikauke kwenye boda, ukifika itie moja kwa moja kwenye tangi lako. Inaweza kukukatia wiki kadhaa.

Umeme ukikatika siponji inakosa hewa na bakteria wanaanza kufa baada ya masaa kadhaa, kwa hiyo pampu ndogo ya betri ni pesa nzuri.

Ukifaulu: amonia 0, naitraiti 0, siku 3 mfululizo, huku bado unatupia chakula.

## Hatua ya 6: Kuingiza samaki

Linganisha joto, tofauti isizidi nyuzi 2. Acha mfuko uliokuja na samaki uelee juu ya maji ya tangi dakika 20, ufungue, mwagia nusu kikombe cha maji ya tangi kila dakika 5 mpaka maji ya mfuko yawe mara mbili ya yaliyokuwemo. Mshike samaki kwa neti muingize. Maji ya mfuko usimwage ndani ya tangi.

Anza na wawili watatu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 linaonekana kubwa dukani, ukizidisha ni karibu lita 65, ukitoa changarawe na nafasi ya juu umebaki na kama 55. Hiyo siyo bwawa.

## Hatua ya 7: Kila wiki

Badilisha asilimia 20 hadi 25, siyo zaidi. Kwa lile la lita 55 ni ndoo moja isiyojaa. Maji mapya yatolewe klorini ndani ya ndoo, yapimwe, yafanane joto, ndipo yaingie. Kumimina maji ya bomba moja kwa moja kwenye tangi halafu ukafukuzia na dawa ni kubahatisha.

Siponji ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, ikamue mara mbili tatu basi. Ukiiosha kwenye bomba klorini inaua bakteria wote uliowalea wiki 6 na unarudi hatua ya 5 ukiwa na samaki ndani. Nimeona hili mara nyingi kuliko makosa mengine yote ukitoa lile la jerikani.

Mgao wa maji ukiisha, ndoo mbili za kwanza ni za deki na choo. Fanya tena ile ya glasi. Pima klorini upya siku hiyo hata kama umechoka.

## Na maji ya mvua, na ya kisima?

Mvua haina klorini lakini KH yake ni karibu 0, na ikipita kwenye mabati inaweza kubeba zinki, na bati jipya au lenye kutu ndilo baya zaidi. Ukiitumia changanya nusu kwa nusu na ya bomba na usikose makombe. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache iende.

Kisima cha pampu kinatofautiana sana. Kwingi maji yanatoka na chuma, yanakuwa safi ukiyachota na baada ya saa chache yana rangi ya chai. Pulizia hewa usiku kucha, acha yatulie, tumia ya juu tu, na pH uipime baada ya kupuliza, siyo pale pale pampuni, maana gesi iliyomo inaishusha kwa muda.

## Umekosea tayari, samaki wako juu wanahema

Usiwahamishie kwenye maji mengine ya bomba. Piga hesabu ya tangi zima, siyo ya maji uliyoongeza, weka thaiosalfeti dozi mara mbili: tangi la lita 55 ni mililita 11. Pampu ya hewa iwe kwenye mwisho. Zima taa, usilishe siku hiyo na kesho yake.

Kama ilikuwa klorini peke yake utaona tofauti ndani ya nusu saa, wanaanza kushuka katikati ya maji na mapezi yanafunguka. Mashavu yaliyoungua yanabaki mekundu siku kadhaa. Kama nusu saa imepita na bado wako juu, pima amonia, thaiosalfeti haiigusi. Ikiwepo, toa robo ya maji, rudisha yaliyotolewa klorini yenye joto na pH zinazokaribiana, rudia tena jioni.

Kisha nenda jikoni ukaitoe ile jerikani kifuniko.